Ukimya wa Pangani Una Wenyewe

Watu wa Dar es Salaam wakichoka huambiana waende Bagamoyo, na wenye nafasi zaidi huvuka kwenda Unguja. Pangani hutajwa mwisho, na anayeitaja huishusha sauti kidogo, kama mtu anayekuonyesha kisima chake wakati wa kiangazi. Sifa anayoitoa ni moja: kule hakuna kelele. Hakuna muziki wa kukesha, hakuna foleni, hakuna kijana wa kukufuata ufukweni na mikufu ya kuuza. Kuna mto, kuna bahari, kuna minazi, na kuna mji wa kale uliolala katikati yake. Nenda Ijumaa, rudi Jumapili, utakuwa mtu mpya.

Ni kweli tupu. Nimekwenda, nimelala hadi jua likachomoza usoni, nimekula nikashiba, nimerudi na shingo isiyouma. Lakini kila nikikaa barazani pale najiuliza swali ambalo mwenye nyumba ya wageni hawezi kuliweka kwenye tangazo lake: kelele zilikwenda wapi? Mji wa bandari hauzaliwi kimya. Penye mto unaokutana na bahari pana mizigo, penye mizigo pana wapagazi, watoza ushuru, ugomvi wa bei na lugha kadha wa kadha kwa wakati mmoja. Mji wa namna hiyo ukinyamaza, kuna kilichounyamazisha.

Kwa miguu mji unamalizika haraka. Mtaa wa maduka ya Wahindi unakwenda sambamba na mto: nyumba za ghorofa, duka chini na makazi juu, roshani za mbao zilizolegea, milango ya kuchongwa ambayo nakshi zake zimeanza kuliwa na chumvi. Baadhi ya kufuli zina kutu kiasi cha kukufanya uamini kwamba ufunguo uko Toronto na mwenye nao amekwisha kuusahau. Duka moja limefunguliwa, linauza sabuni, mafuta ya taa na vocha. Jingine limegeuzwa ghala la nazi. Mbele kidogo lipo Boma, nyumba iliyojengwa na tajiri wa Kiomani mwanzoni mwa karne ya 19, Wajerumani wakaja kuigeuza ofisi ya serikali. Mchana wa saa nane utamkuta mbuzi kivulini na mzee mmoja barazani. Ukimwamkia shikamoo atakuitikia marahaba mwanangu, kisha atakuuliza umetoka wapi, umefikia kwa nani, na lini unaondoka. Hilo la tatu ndilo linalompa jibu la mawili ya kwanza. Tanga nzima imezoea utani wa waja leo waondoka leo; mimi mja wa Ijumaa na muondokaji wa Jumapili sina hata ujasiri wa kuudai.

Karne moja na nusu nyuma usingekuja hapa kupumzika. Misafara ya pembe za ndovu kutoka Umasaini na kandokando ya Kilimanjaro ilishukia hapa. Kando ya mto palikuwa na mashamba ya miwa ya matajiri wa Kiarabu, na mitambo ya kukamulia, na watumwa waliolima na kukamua. Mandhari ile ya kijani tunayoipiga picha jioni tukiwa ndani ya boti, ndipo walipokuwa. Burton na Speke walipita mwaka 1857, kabla ya safari yao ya maziwa. Wakati huo Pangani ilikuwa mahali pa kuanzia jambo, si pa kujificha nalo.

Kisha ukaja mwaka 1888. Sultani Khalifa wa Unguja alikuwa ameikodisha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki usimamizi wa pwani na forodha zake, na mwezi Agosti kampuni ikapandisha bendera yake Pangani. Mwakilishi wake hapa alikuwa Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, na jina hilo linatosha kusimulia tabia yake. Mji ukamkataa. Alifungiwa ndani yeye na wenzake hadi alipotolewa kwa msaada wa watu wa Sultani. (Nyundo huyo alikuja kukutana na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo mwaka 1891, na hapo hakupatikana wa kumtoa.) Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa karibu na mji, akawa kiongozi wa vita vilivyoenea pwani karibu yote. Siku zile hata Hans Meyer, Mjerumani aliyekuja kufika kileleni Kilimanjaro Oktoba 1889, alikamatwa na watu wa Abushiri, akafungwa minyororo, akakombolewa kwa fedha. Huwa nalikumbuka hilo nikiwa kwenye boti, kwa sababu maji ya mto huu yanatoka kwenye mlima uleule alioupanda mwaka uliofuata. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Hata hivyo kamba ile haikuunyamazisha mji. Miji huzika watu wake wakubwa na kesho yake soko hufunguliwa. Kilichoinyamazisha Pangani ni jambo lisilo na damu wala shujaa, na ndiyo maana halisimuliwi sana barazani: reli. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kutandika reli kutoka Tanga, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Tanga ina ghuba yenye kina. Pangani ina mlango wa mto wenye fungu la mchanga ambalo jahazi linaliweza na meli kubwa haiwezi. Mzigo wa Kilimanjaro uliokuwa ukishuka na mto kwa miguu ya wapagazi ukapanda treni, ukaishia kilomita kama 50 kaskazini ya hapa. Mfanyabiashara mmoja akafunga duka, jirani yake akamfuata.

Mwaka uleule wa 1893 ulikuwa umeleta kitu kingine. Mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Ilikuwa 1,000 ilipoanza safari. Iliyofika hai ikapandwa Kikogwe, jirani na mji huu, ilikuwa 62. Kutoka katika miche hiyo ndipo lilipotoka zao lililoifanya Tanganyika, na baadaye Tanzania, kuwa bingwa wa dunia. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000. Pangani ikapata uhai wa pili: manamba kutoka mikoa ya mbali, siku za mshahara zenye fujo, maduka ya nguo. Nailoni ikaja ikaangusha bei, mashamba yakataifishwa, na karne ilipokuwa inaisha uzalishaji wa nchi nzima ulikuwa chini ya tani 30,000. Kwa hiyo ule utulivu ninaoulipia kwa usiku mmoja, pamoja na chai ya asubuhi, umetengenezwa na reli iliyopita kwingine na kamba iliyoshindwa na plastiki. Katikati ya hayo, forodha ya hapa ilimpata karani aliyeitwa Shaaban Robert. Sijui kama kuna ofisi bora ya kumlea mshairi kuliko forodha ya bandari ambayo meli zake zinapungua.

Je, hayo yote yananizuia kupumzika? Hata kidogo. Nasema wazi kwa sababu najua waandishi wenzangu wengi wakishajua historia ya mahali hujifanya hawawezi tena kula. Mimi nakula. Asubuhi vitumbua vya moto kwa mama wa pembeni ya soko, na maharage ya nazi, na chai ya mchaichai. Mchana wali wa nazi na changu wa kupaka, mchuzi wake wa ukwaju umepikwa mpaka mafuta yakaachana na tui. Baada ya hapo mwili wenyewe unadai mkeka. Upepo wa kusi ukipiga unasikia minazi ikiparuzana, unasikia kivuko kikinguruma mtoni, kisha husikii.

Ila kuna jambo linalokutikisa kidogo usingizini, nalo ni kwamba mji huu haukuja mapumzikoni pamoja nawe. Jumamosi ni siku kama nyingine. Ijumaa ndiyo yenye kanzu zilizopigwa pasi na barabara inayonyamaza wakati wa swala ya adhuhuri. Na juu ya Ijumaa kuna kalenda nyingine inayowatawala hata wasioswali: maji. Ukitaka kwenda Maziwe, nahodha hakuulizi ungependa kutoka saa ngapi. Anakwambia. Kesho maji yanakupwa saa nne, tutoke saa mbili. Keshokutwa itakuwa tofauti, maana maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, na saa yako ya mkononi haina la kufanya.

Maziwe ni hadithi inayotosha safari nzima. Ilitangazwa hifadhi mwaka 1975 ikiwa kisiwa hasa, chenye mivinje na majani, na kasa wakipanda kwa wingi kutaga. Wengine wanalaumu ukataji wa miti, wengine mikondo ya bahari iliyobadilika; kilichotokea ni kwamba miti iliisha, bahari ikakilamba kisiwa, na tangu miaka ya 1980 Maziwe imekuwa fungu la mchanga linaloibuka maji yakipwa na kuzama yakijaa. Mchanga wake ni mweupe kiasi cha kuumiza macho. Tunatandika kanga, tunazamia kuangalia matumbawe, tunakula embe na chumvi, tunasifu uzuri. Uzuri upo, hauna ubishi. Ila kasa hawajaambiwa kwamba kisiwa kimekwisha. Bado wanarudi kutaga hapo, kwenye mchanga ambao maji ya bamvua yataufunika, na kuna walinzi wanaoshirikiana na shirika la Sea Sense kuyahamisha mayai hadi ufukwe wa Ushongo ili yaanguliwe salama. Fikiria kazi hiyo: kukesha ukimngoja mnyama aliyekosea nyumba kwa sababu nyumba ndiyo iliyohama. Maji yanapoanza kurudi nahodha hapigi kelele. Anaanza kukunja turubai, na kila mtu anaelewa.

Nahodha aliyenipeleka ni kijana ambaye watalii kwake ni kazi ya pembeni. Kazi yake ni dagaa. Nilikuwa nimeona mashua nyingi zimevutwa mchangani, wanaume wamelala chini yake, wengine wanashona nyavu, wengine wanacheza bao, nikadhani ni kwa sababu ya siku za mapumziko. Nikamuuliza.

“Hapana, kaka. Mwezi huo,” akasema, akainua kidevu kuelekea upande utakaotokea mwezi. “Ukiwa mkubwa hivi dagaa hawaifuati taa. Unachoma mafuta bure.”

“Kwa hiyo mnapumzika.”

“Wewe unapumzika Jumamosi. Mimi napumzika kumi na nne.”

Alisema kama anayenieleza njia ya sokoni, lakini nilikaa nayo muda mrefu kuliko yeye alivyokusudia. Kumi na nne ya mwezi ndiyo wikendi ya ufukwe huu, na nilikuwa nimeiingia bila kujua, nikadhani ni yangu. Mbalamwezi niliyoisifu usiku uliopita, iliyoangaza mto hadi ng’ambo ya Bweni, ndiyo iliyowafungia wenzangu duka. Mapumziko yao hayana mshahara. Mwenye mashua hapati, mvuvi hapati, na wale kina mama wanaochemsha dagaa kwenye masufuria makubwa na kuanika kwenye chanja nao hawapati. Wanangoja giza. Giza likirudi, taa zitajipanga baharini usiku kucha, na mgeni atakayekuwapo wikendi hiyo atatoka roshani akasema, angalieni, kama mji! Atakuwa amepewa mandhari nyingine na atasifu tena.

Sioni ubaya wa kusifu. Ninachokataa ni lile wazo la vipeperushi kwamba huku muda umesimama. Muda haujasimama popote ninapopajua. Hapa una vipimo vingi zaidi ya vyangu: swala tano, maji mawili, mwezi mmoja, kusi na kaskazi. Aliyetoka mjini na siku mbili za ruhusa ndiye mwenye kalenda fukara kuliko wote, na labda anachokuja kukitafuta ni kukaa kidogo mahali ambapo saa yake haisikilizwi.

Jioni tulipanda na mto. Pwani hii inatazama mashariki, kwa hiyo jua halizami baharini. Linazama nyuma ya minazi, juu ya mto, na ndiko boti za wageni zinakoelekea. Mto una urefu wa kilomita kama 500, umebeba maji ya Kilimanjaro na Meru, umesimamishwa Nyumba ya Mungu, ukachujwa na mashamba ya umwagiliaji, ukazungusha mitambo ya umeme Hale na kwenye maporomoko ya Pangani, na kinachofika hapa ni masazo. Bahari inaingia kujaza nafasi. Wenye mashamba kandokando ya mto wanakwambia maji ya chumvi yanapanda mbali kuliko zamani, na nahodha alituonyesha minazi iliyobaki vigogo, haina makuti, imesimama tu. Mgeni mmoja ndani ya boti aliipiga picha. Nami niliipiga. Inapendeza sana jua likiwa nyuma yake.

Sasa kelele zinarudi. Barabara ya lami inatandazwa kutoka Tanga, ipite Pangani, ivuke mto, ishuke Mkwaja na Saadani hadi Bagamoyo. Mtoni linajengwa daraja la mita 525. Kutoka Dar es Salaam leo unazunguka Chalinze na Segera. Barabara hiyo ikikamilika utafuata pwani moja kwa moja. Wageni wa zamani wa Pangani wanalizungumzia daraja kwa huzuni, na nimewasikia wakisema mji utaharibika. Huwa natamani wayaseme maneno hayo Bweni, upande wa pili wa mto, usiku, mbele ya mtu mwenye mgonjwa anayengoja kuvushwa kwenda hospitali. Mimi nitakosa kitu, hilo nalikubali. Lakini nitakachokosa hakikuwahi kuwa changu. Kilikuwa hasara ya watu wengine, nikawa nakaribishwa kukaa ndani yake kwa bei nafuu.

Nilidhani hapo nimemaliza, nimejipanga upande wa daraja, mpaka Jumapili kivukoni. Kivuko kilikuwa ng’ambo, kinapakia lori. Watu tulikuwa wengi, pikipiki, baiskeli zenye matenga, mama mmoja na beseni la karanga na mayai ya kuchemsha, ana kachumbari yake kwenye kopo. Biashara yake ni hapo hapo, baina ya kivuko kuondoka na kivuko kurudi. Anayengoja hula. Kijana wa bodaboda akaanza kumtania kwamba daraja likifunguliwa beseni lake litakuwa la kuogeshea wajukuu.

“Wewe shangilia,” akamjibu. “Gari likipita mbio linanunua nini?”

“Mama, yatakuja mabasi ya watalii! Utauza hata mara kumi.”

“Basi la watalii lina vioo vimefungwa, mwanangu. Yai litapitia wapi?”

Watu wakacheka, kijana naye akacheka. Nikanunua mayai mawili, nikamuuliza kwa adabu, sasa mama utafanyaje. Alikuwa amekwisha kufikiri kuliko sisi sote. Alisema amekwenda Bweni kuangalia pale barabara itakapopita, kuna kibanda cha mtu anaweza kukodishiwa. Lakini hakodi mahali bila kujua gari litapunguza mwendo wapi. Penye tuta ndipo penye wateja. Dereva akishapunguza, konda anafungua dirisha, abiria anaona yai.

“Nataka kujua matuta watayaweka wapi,” akasema, akinirudishia chenji. “Nimemuuliza yule injinia wao zaidi ya mara moja. Ananiambia, mama, bado tuko kwenye nguzo.”